Shajara ya kikosi cha mikoko, Junda: kutoka bamvu mpaka maji mafu

Jumatatu

Mwezi umeandama juzi na bamvu ndo hili limeshika (zile siku maji hujaa sana na kukauka sana), kwa hivo wiki hii yote tuko chini matopeni, kitalu kitangoja. Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya hizi kazi za pwani, sisi hatuendi na saa ya ofisi, tunaenda na maji, na wakati wa bamvu hapa Mombasa maji hujaa alfajiri saa kumi kumi na moja hivi, halafu yanaanza kutoka, ikifika saa nne asubuhi kriki ya Tudor imekauka hadi unaona mikondo ya ndani, na kila siku inayofuata unaongeza kama dakika hamsini. Kwa hivo leo saa moja kamili tulikuwa kibandani, mahamri na mbaazi, chai ya rangi, kiongozi akasoma majina, glavu zikagawanywa (hazitoshi kama kawaida, mmoja anachukua ya kulia mwengine ya kushoto), tukateremka.

Kazi ya leo: kuhesabu ploti A. Hii ni ile ya mbele kabisa upande wa maji, tope laini, ukikosea hatua unazama mpaka paja. Wageni wakija hupenda kuvaa gambuti, sisi tushaziacha kitambo, tope linaivuta gambuti linabaki nayo wewe unatoka na mguu mtupu, na chini kuna chaza zinakata hatari. Tunavaa raba za zamani zilizobana na soksi mbili, bas.

Ploti A ilipandwa mkoko mwaka jana na kampuni moja, jina tuliache, walikuja na mabasi mawili na mpiga picha na droni, mbegu zikachomekwa kwa mistari mizuri, mita moja kwa mita moja, kwa picha ya juu ilipendeza kweli kweli. Leo tumepima mraba wa mita kumi kwa kumi katikati ya hiyo mistari. Hapo pangekuwa na miche mia. Hai tumepata tisa. Mingine ni vijiti vimesimama tu, ukikigusa kinakuja na mkono, na vijiti vyenyewe vimeganda vile vigamba vyeupe vinavyoshika kwenye mashua, kutoka chini mpaka juu, mche mdogo kama huo haubebi huo mzigo, mawimbi yakija unalala. Mmoja nimeutoa kabisa kuuangalia, ulikuwa umefungwa na nywele za saluni, zile rasta ndefu, zimezungushwa na maji mara nyingi hadi zimebana shina, jani moja tu juu na lenyewe la njano. Nimetumia kisu kuzikata na bado hazikutoka zote.

Hili jambo halina siri. Kenya tuna aina tisa za miti ya mikoko na kila mmoja una pahala pake. Mbele baharini hukaa mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe (jina ni la aina hii moja, ingawa watu huiita yote mikoko), muia unajichanganya humo humo, halafu mkandaa, na mchu ni mjanja utaukuta huku na huku lakini kule juu kwenye chumvi kali ndo kwake hasa. Ukichukua mkoko ukauweka kwa mlilana unashinda chini ya maji masaa mengi kuliko unavyoweza. Sasa mbona kila mtu anapanda mkoko? Manake mbegu yake ni ndefu, inaonekana, unaishika kama rungu unaichomeka unapigwa picha umemaliza, haihitaji kitalu wala nini. Mlilana una mbegu ndogo ndogo zimejaa ndani ya tunda, zikiota ni kama mchicha, utapiga picha gani hapo.

Na fomu ya mfadhili ina safu moja tu, "miche iliyopandwa". Hakuna pa kuandika iliyo hai. Serikali ilisema miti bilioni 15 ifikapo 2032, na sidhani ni wazo baya, lakini tangu hapo kila mtu anataka namba yake iingie, na namba inayoingia ni ya siku ya kupanda. Dada wa data kwenye kikosi chetu amechora safu ya pili kwa kalamu pembeni ya fomu. Ameandika 9.

Jumanne

Leo hakuna sayansi, leo ni magunia.

Ploti B, katikati, chini ya mchu wakubwa. Mvua ya masika ikinyesha Kisauni yote mitaro inashuka huku, kila kilichotupwa mtaroni kinakuja kupumzika kwetu. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ipigwe marufuku Agosti 2017, hilo lazima tuseme ukweli, tukiona mfuko mara nyingi ni wa kale umefukuliwa na maji. Sasa shida ni chupa, champali, vipande vya nyavu, magodoro ya sponji (ndio, magodoro), na nepi. Wallahi nepi. Mchu una mizizi ya kupumulia inachomoza juu ya tope, mamia chini ya mti mmoja, sasa nepi ikifika hapo imevimba maji inakaa juu ya hiyo mizizi kama imelazwa, tope linaishikilia, bamvu linalofuata linaongeza tope juu, na hapo chini hewa hakuna tena. Tumeinua moja leo iliyokaa muda mrefu, harufu ya yai viza ikatoka yote kwa mpigo, na mizizi iliyokuwa chini yake imelainika, ukiibinya inatoa maji meusi. Nusu mita pembeni mizizi ni migumu na mizima. Kiongozi akatuita wote tuje tuangalie, hakusema kitu, akaonyesha kwa kidole tu hapa na pale.

Chupa tunazitenga manake kuna mtu ananunua kwa kilo, hiyo pesa ndo inanunua maji ya kunywa na siku nyingine viazi karai. Nepi hazina mnunuzi. Zinabebwa mpaka juu barabarani kwa wilbaro yenye gurudumu bovu, halafu tunasubiri lori la taka, likija.

Watoto wa mtaani walishuka kutusaidia kama kawaida yao, hawana raba hawana glavu, tukawarudisha juu wakapewa kazi ya kushika midomo ya magunia. Wameshika dakika tano wakaenda kucheza mpira kwenye mchanga wa juu, sawa tu.

Jumatano

Hii ndo siku niliyotaka kuiandika.

Ploti C iko juu, mbali na maji, na ukiipita bila kujua utadhani ni kiwanja. Uwanda mweupe, chumvi imekauka juu imepasuka, na visiki vya mchu vya kijivu vimesimama. Zamani maji ya bamvu yalikuwa yanafika pale kupitia mfereji mdogo wa asili. Halafu watu wakamwaga udongo na kifusi kupitisha njia ya kufikia fukwe, taka zikajazia, mfereji ukafa. Maji ya chumvi yaliyobaki ndani yakakauka na jua, chumvi ikabaki, mvua ikija haitoshi kuiosha, mwaka baada ya mwaka, mpaka mchu wenyewe ambao ndo unavumilia chumvi kuliko wenzake ukashindwa. Pale pamepandwa pia, usidhani. Pamepandwa na pamekufa.

Kuchimba si ati unaamka tu na jembe. Misitu yote ya mikoko Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivo lazima Huduma ya Misitu iridhie na chama cha misitu cha jamii kiwe kwenye karatasi, na hiyo karatasi imechukua muda mrefu kuliko kuchimba kwenyewe. Sasa ipo. Wiki kadhaa tumekuwa tukichimba kutoka upande wa maji kurudi juu, sururu kwenye kifusi, jembe kwenye udongo, chepe kwenye tope, na leo tulibakisha kipande cha mwisho chini ya hiyo njia ambapo tumeweka kalvati watu waendelee kupita.

Mzee mvuvi mmoja huwa anakuja kukaa kwenye ngalawa yake iliyopinduliwa kutuangalia. Tulimwamkia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, halafu akaanza. Mfereji wenu mmeunyoosha sana, akasema, maji hayapendi njia iliyonyooka, yakitoka kwa kasi yatakula kingo zenu. Mabroo wawili wakacheka chini chini. Lakini kiongozi akashuka na kamba na vijiti akamwomba mzee amwonyeshe mfereji wa zamani ulipita wapi, na mzee akainuka, akatembea na fimbo yake pole pole, akipiga chini, hapa, hapa ukakata hivi, hapa palikuwa na mkandaa mkubwa tukifunga mashua, na kila alipopiga ukichimba kidogo unakuta udongo ni laini na mweusi, pembeni ni mgumu. Njia ya zamani ilikuwa bado iko pale chini. Tukaifuata yake. Kona mbili zimeongezeka na jasho limeongezeka.

Akatuambia pia kuhusu daraja la Makupa, kwamba tangu lifunguliwe 2022 na lile tuta la enzi za mkoloni kuondolewa, maji ya huku Tudor na ya kule Port Reitz yanasalimiana tena, na yeye anaona tofauti kwenye mkondo. Mimi sina kipimo cha kumpinga, mkondo ni wake.

Na kiongozi naye akaleta ya msitu wa mikoko wa Mwache, vile mvua za El Niño za 1997 na 98 zilivyoshusha udongo kutoka mashambani mpaka ukafunika mizizi ya kupumulia, msitu ukafa umesimama bila kukatwa na mtu. Ndo maana anatukazania udongo tunaochimba usimwagwe pembeni ya miti, unabebwa wote mpaka juu. Wilbaro ya gurudumu bovu tena. Kuna mtu aiandikie hiyo wilbaro shajara yake.

Tukamaliza saa nane mchana. Maji kujaa ni saa kumi na moja unusu jioni, na hakuna aliyelipwa kungoja lakini karibu wote tulingoja, tumekaa kwenye njia na kachri na ukwaju, suruali zimekauka tope zimekuwa ngumu. Yakaja. Kwanza povu na majani kwenye kalvati, halafu ulimi mwembamba wa maji ukapita kona ya kwanza, ukasimama, ukafikiria, ukapita ya pili. Kigingi cha kwanza tulichokiweka kimelowa, cha pili kimelowa, cha tatu kilichoko katikati ya uwanda kimezungukwa na maji ya kufika kwenye kisigino. Cha nne na cha tano vimebaki vikavu. Yule mzee alikuwa ameshaenda kuswali, nimempigia picha nitamwonyesha.

Alhamisi

Mvua asubuhi, tumeingia tumechelewa.

Posho haijaingia. Tumeambiwa kesho, na wiki jana pia tuliambiwa kesho. Wengi wetu tulianzia Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya vijana, 2020 wakati wa korona, kufyeka na kuzibua mitaro, kwa hivo kungoja M-Pesa ilie tunakujua vizuri sana. Mmoja wetu hakuja leo, amepata kibarua cha siku Kongowea sokoni, na hakuna anayemlaumu.

Doria kwenye ukingo wa ndani: visiki vipya vitatu vya mkandaa, vimekatwa kwa msumeno, vimefunikwa matope ili visionekane. Hapo si mama wa kuni huyo, mama wa kuni anaokota matawi makavu na anatusalimia. Huyu anajua anachokata, mkandaa wa unene wa kujengea, na anakuja na mtumbwi usiku maji yakiwa juu. Tumepiga picha na lokesheni, imepelekwa kwa askari wa misitu. Kazi yetu inaishia hapo, sisi si polisi, na kiongozi hilo analirudia kila wiki manake kuna vijana wenye damu moto kikosini.

Ijumaa

Leo maji yanakauka saa saba mchana, yaani katikati ya swala ya Ijumaa kabisa. Tumegawana, wa msikitini wamefanya ploti C asubuhi wakafunga saa tano, waliobaki wakashuka B kumalizia magunia.

Mimi nilikuwa C. Maji yameingia tena jana jioni na leo alfajiri, bamvu limeanza kushuka lakini alama ya povu bado iko kwenye kigingi cha tatu. Ile ngozi nyeupe ya chumvi imeyeyuka sehemu maji yalipopita, chini yake udongo ni wa kijivu, na kuna matundu mapya ya kaa, madogo, tope lake bado bichi limerundikwa mlangoni. Kaa wameingia kabla ya mti wowote. Hii ni habari nzuri, kaa akichimba anaingiza hewa na maji chini, kazi ambayo sisi tungehitaji jembe na mwaka mzima.

Kitu kingine. Kwenye kona ya pili, pale maji yanapozunguka na kupoteza nguvu, kumejaa mbegu za mchu, zile za duara bapa kama harage kubwa, zimeletwa na maji zenyewe, nyingi zishavua ganda. Hakuna aliyezipanda. Zitakaa au zitaondoka na bamvu lijalo, lakini kiongozi amekataa kabisa tusizichomeke wala kuzipanga mistari, amefunga utepe tu watu wasizikanyage. Yeye alifundishwa kupima miti kule Gazi, kwa wale wa Mikoko Pamoja, mradi wa jamii ulioanza 2013 wa kuuza hewa ya ukaa (yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaishika), ambako pesa inayoingia imeleta maji kijijini na kusaidia shule, na anasema kule hulipwi kwa ulichochomeka, watu wanakuja na utepe wanapima unene wa shina uliosimama. Huwa anaisema sana hiyo. Leo ndo nimeelewa kwa nini haichoki mdomoni mwake.

Dada wa data ameuliza mbegu zilizojileta aziandike safu gani. Fomu haina safu hiyo pia. Ameongeza ya tatu.

Posho imeingia saa tisa. Pungufu, lakini imeingia.

Jumatatu ya pili

Maji mafu. Yanajaa saa nne lakini hayajai, yanatoka jioni lakini hayakauki, kwa hivo hakuna kushuka, tuko kitaluni na Mama wa kitalu na leo ni zamu yake kutuamrisha.

Kitalu kiko ukingoni pale ambapo bamvu linakifikia na maji mafu hayakifikii, kivuli cha makuti, vitanda vimechimbwa chini kidogo. Viriba vyetu ni pakiti za maziwa na chupa zilizokatwa, tundu chini, tope la huku huku. Mkandaa unaenda vizuri, majani manne, yanang'aa. Mbegu mpya za mkoko hazipandwi moja kwa moja, zinakaa kivulini siku kadhaa zipungue utamu, manake kaa wakizipata mbichi wanazitafuna zote. Mlilana ndo kichwa maumivu, kitanda kizima kimeota halafu kikalala, Mama anasema tumemwagilia maji matamu mengi, mwanangu huyu ni mtu wa bahari usimnyweshe maji ya bomba kila saa. Tumebadilisha, sasa ni ndoo mbili za maji ya kriki kwa moja ya bomba, tutaona. Tumetia mbegu upya na kitanda kimeandikwa tarehe.

Mchana simu ya kiongozi ikalia. Kampuni nyingine, si ile ya mwaka jana, wanataka kuja Jumamosi ya wiki ijayo wapande miche elfu moja, saa nne asubuhi wawe wameshafika, saa sita wamalize. Kiongozi akawaeleza kwa upole kabisa. Jumamosi saa nne maji yatakuwa bado yanatoka, hakuna pa kusimama mpaka karibu adhuhuri. Miche elfu ya kupandwa hatuna, na ingekuwepo tusingeipeleka ploti A. Lakini kazi ipo nyingi, kuna kifusi cha kutoa kwenye mdomo wa mfereji kile kigingi cha nne nacho kipate maji, kuna nepi za B, na wilbaro mpya ingekuwa mchango mkubwa kuliko miche. Akawatumia na picha za ploti C, ile ya Jumatano asubuhi na ya jioni.

Jibu limekuja saa kumi. Wamependa picha, wamependa mfereji, wilbaro mbili wataleta. Ila wanaomba angalau mche mmoja kila mtu, manake tisheti zishachapishwa na zimeandikwa "Nimepanda".

Mama wa kitalu amesema waje, kila mmoja atapewa kiriba kimoja na tope la kujaza, apande mkandaa wake hapa hapa kitaluni kivulini, si ni kupanda pia. Halafu washuke kwenye kifusi. Maji Jumamosi hiyo yanakauka saa saba hivi, kwa hivo wameambiwa waje saa tano, na viatu vya kubana.